Mume wa Mdomoni

Sehemu ya Tisa

Mlango ulifunguka, na shahidi aliyeingia alikuwa Cleophus.

Ndiyo, Cleophus yuleyule. Aliyeamka asubuhi hiyo kwenye kitanda cha Odessa, akala uji wa mahindi wa Odessa na soseji za Odessa, kisha akambusu shavuni na kumwambia, "Nenda mpenzi, usiogope. Ningekusindikiza, ila nina kazi."

Kazi yenyewe kumbe ndiyo hii.

"Karibu bwana Batiste, keti hapa," alisema Verlene, akimvutia kiti upande wake.

Odessa hakupiga kelele. Alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu. Viatu vilikuwa vya marehemu mumewe.

Tumtaje marehemu huyo, maana kinachogombewa ni chake. Ulysses Pruitt alirudi kutoka vita vya Kuwait na mapafu yaliyokaangwa na moshi wa visima vya mafuta. Jeshi likampima, likamwandika mlemavu wa asilimia mia. Texas humpa askari wake wa namna hiyo vitu vingi: kibao maalumu cha namba ya gari, leseni ya kuwinda na kuvua, karo ya chuo ya mwanawe. Lakini Ulysses hakuwa mwindaji, wala yeye na Odessa hawakujaliwa mtoto. Kitu kimoja tu kiliwafaa. Nyumba yao haikulipiwa kodi ya majengo.

Alipokufa, msamaha ule ulibaki kwa mjane wake kwa sharti moja: asiolewe tena.

Odessa ni mpishi wa shule. Akinyang'anywa msamaha, hana ubavu wa kodi ile, na nyumba isiyolipiwa kodi hupigwa mnada kwenye ngazi za mahakama, mchana kweupe, majirani wakitazama. Na anayeusubiri mnada huo kwa hamu, ainunue yeye, ni Verlene, dada wa marehemu, mhudumu wa kanisa mwenye glavu nyeupe. Ndiye aliyekwenda kaunti kushitaki kwamba wifi yake ameolewa.

Basi ndiyo maana walikuwa pale, mbele ya bodi ya rufaa za kodi ya kaunti ya Bledsoe. Mwenyekiti alikuwa mzee Hruska, mfugaji wa ng'ombe mwenye shingo nyekundu. Mlangoni alisimama askari wa kaunti, anatafuna mbegu za alizeti. Pembeni mwa Odessa aliketi rafiki yake wa chanda na pete, Jonetta.

"Inua mkono, bwana," alisema Hruska.

Cleophus aliinua mkono, akala kiapo kama mtu anayeagiza bia.

"Wewe ni nani kwa mama huyu?"

"Mume wake."

"Mungu wangu!" alisema Odessa.

"Ndoa ilifungwa wapi?"

"Hapakuwa na ndoa ya kufungwa, mzee. Sisi watu wa Texas hatuhitaji keki ya harusi."

"Wewe ni wa Louisiana," alisema Jonetta.

"Kimya huko," alisema Hruska. "Sheria naijua. Hapa kwetu mtu na mtu wakikubaliana, wakaishi nyumba moja, wakajitangaza kwa watu kuwa ni mke na mume, basi wameoana. Mchungaji hahitajiki. Kuishi pamoja, mji mzima unajua. Nauliza, mlikubaliana?"

"Barazani kwake. Nilimwambia, Dessa, kuanzia leo mimi na wewe ni mke na mume. Akasema sawa."

"Mwongo!" Odessa alisimama. "Ulisema, Dessa, chai haina sukari! Nikasema sawa!"

Wajumbe wa bodi walicheka. Verlene hakucheka.

"Na kujitangaza?" aliuliza Hruska.

"Hilo niachie mimi," alisema Verlene, akiweka sawa glavu zake. "Sikukuu ya uhuru wa watumwa, mwezi Juni, uwanja wa kanisa. Nyama iko motoni, kina mama wa kanisa wamekaa mstari wa mbele na nguo zao nyeupe. Mama Tillie akamuuliza wifi yangu, mwanangu, huyu baba anayelala kwako ni nani? Wifi yangu akajibu nini? Akajibu, ni mume wangu. Nilikuwa nimeshika bakuli la viazi, nusura lianguke."

Hapo, wasomaji wangu, msimcheke Odessa haraka. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, kiongozi wa kwaya, asimame mbele ya kina mama waliomfundisha kuomba, aseme nini? Ni hawara yangu? Katika kanisa lile nusu ya waume wanaokaa kwenye mabenchi ni waume wa mdomoni. Wanaitwa hivyo kwa heshima, ili watu wale nyama kwa amani. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba serikali ya Texas nayo inasikiliza.

"Ulisema maneno hayo, mama?" aliuliza Hruska.

Odessa alitazama zulia. "Sikumbuki."

"Umekula kiapo."

"Ndiyo nakwambia kwa kiapo. Sikumbuki."

Kisha akamgeukia Cleophus. "Amekuahidi nini?"

"Usimjibu," alisema Verlene.

"Mwache ajibu," alisema Hruska. "Hii ni bodi ya kodi, bibie. Hapa si kwenye televisheni."

Cleophus aliinua mabega. "Banda la kuchomea nyama. Nyumba ikiuzwa, banda la nyuma ni langu, nifungue biashara. Nilikuomba wewe mara ngapi, Dessa? Unaniambia ni la Ulysses. Kiti cha barazani, cha Ulysses. Majivu ya moto aliouwasha Ulysses, nisiyazoe. Nimechoka. Yule bwana amekufa, na bado ndiye baba mwenye nyumba."

"Viatu vyake mbona hukuchoka kuvaa?"

"Vinanibana."

"Gari lake je? Umeliegesha hapo nje kwenye nafasi ya maveterani. Wewe ulipigana vita gani, Cleophus? Vya domino?"

Askari wa mlangoni alipaliwa na mbegu.

Lakini mzaha hauokoi nyumba. Hruska aliwainamia wajumbe wake wawili, wakanong'onezana, wakakubaliana. Alipoinuka, uso wake ulikuwa wa mtu anayepeleka ng'ombe machinjioni bila chuki.

"Mama Pruitt, nasikitika. Naona hapa pana ndoa. Kwa hiyo msamaha..."

"Mwenyekiti!" Jonetta alikuwa amesimama. "Nina mgeni kwenye gari. Naomba nimwite kabla hajaiva na hili joto."

"Wewe umekula kiapo?"

"Niapishe."

Akamwapisha. Jonetta akaapa kusema kweli tupu, akatoka, akarudi ameshikana mkono na mwanamke mnene, mwenye pepeo la mkononi na kofia ya Jumapili.

Cleophus aliinuka nusu, akabaki hivyo, matako hewani.

"Ernestine? Wewe... umefikaje hapa?"

"Kwa barabara," alisema yule mwanamke. "Ileile uliyotorokea."

Verlene alimtazama Cleophus. "Huyu ni nani?"

"Ngoja nijibu mwenyewe, dada," alisema mgeni. Naye akaapishwa. "Mimi ni Ernestine Batiste, wa Lake Charles. Mke wa huyu mbele yenu. Mke wa kanisani, wa padri, wa pete. Suti aliyonioa nayo ilikuwa ya kukodi, mpaka leo hajairudisha."

"Tuliachana!" alilia Cleophus.

"Lini?"

"Si niliondoka?"

"Uliondoka ukaniambia unakwenda kununua barafu. Kwenda kununua barafu ni talaka?"

Mjumbe mmoja wa bodi aliinamia meza, mabega yakimtikisika.

"Hamkuachana mahakamani?" aliuliza Hruska.

"Hakimu hajawahi kuniona, baba. Nina mume, ila sina mtu."

Hruska aliegemea kiti. "Basi jambo limekuwa jepesi. Mwenye mke hawezi kuoa mke mwingine, kwa keki wala bila keki. Hata kama mama huyu alimwita mume mpaka sauti ikamkauka, si ndoa, si kitu. Mjane hajaolewa tena. Msamaha unabaki."

Odessa alimkumbatia Jonetta, wakayumba kama walevi. "Shoga yangu! Umemtoa wapi huyu?"

"Nilimtafuta. Mwanaume anayekula vile lazima kuna mtu anamdai."

Nyumba ilikuwa imepona. Hapo ndipo Odessa alipopaswa kuchukua mkoba wake akaenda zake.

Hakwenda.

Askari wa kaunti alikuwa ameacha kutafuna. Alikohoa, akasogea. "Mwenyekiti, samahani. Mwenye mke akiishi na mwanamke mwingine kama mkewe, hapa Texas ni jela. Bwana huyu amejisema mwenyewe. Ila mama amesema hakumbuki kumwita mume. Kama hakumwita, basi labda bwana alikuwa anapiga domo tu, nami sina la kufanya."

Chumba kizima kikamgeukia Odessa.

Cleophus alikuwa amevua kofia. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. "Dessa," alisema kwa sauti ya barazani, sauti ya jioni zote zile. "Dessa, mpenzi. Umewaambia hukumbuki. Kaa hapohapo. Nilikosea, shetani alinipitia. Mimi na jela hatuwezani, unajua mgongo wangu."

"Naujua mgongo wako. Nimeukanda."

"Basi nihurumie."

Odessa alitabasamu. Ni tabasamu ambalo watoto wa shule yake hupewa wanapoomba kipande cha pili cha mkate.

"Mwenyekiti," alisema, "nimekumbuka."

"Dessa!"

"Nimekumbuka kila neno. Mama Tillie aliniuliza, nikasema huyu ni mume wangu. Naye akavua kofia, akasema naam, huyu ni mke wangu. Akapewa ubavu mzima wa nyama kwa jina hilo."

"Inatosha, shoga," alinong'ona Jonetta, akimvuta mkono wa gauni.

"Haitoshi! Waandike vizuri. Kwetu sisi mtu akisimama mbele ya kanisa akamtaja mwenzake hivyo, wameoana. Wameoana! Hakuna cha zaidi kinachotakiwa. Si mchungaji, si karatasi. Hiyo ndiyo ndoa, na atakayenibishia simwogopi."

"Odessa, tuondoke."

"Nimeapa, nasema kweli."

Pingu zilifungwa. Cleophus alikuwa analia kweli sasa, kamasi na yote. Alipofika mlangoni Odessa alimwita askari.

"Baba, kidogo tu. Viatu avue. Ni vya mume wangu."

Wakamvua. Wakamtoa kwa soksi, na dirishani watu wote waliona alivyorukaruka juu ya lami ya saa saba mchana, mwezi wa Agosti, kama kuku kwenye bati la moto. Ernestine alijipepea polepole.

"Mwambieni ile suti naidai bado," alisema.

Odessa alicheka mpaka akajishika ubavu. Alikuwa bado anacheka aliposikia makofi. Yalikuwa mazito, ya kitambaa, makofi ya mikono iliyovaa glavu.

Verlene alikuwa anampigia makofi.

"Vizuri sana, wifi. Mwenyekiti, umesikia alichosema? Kwa kiapo? Mtu akisimama kanisani akamtaja mwenzake kuwa mkewe, wameoana."

"Nimesikia," alisema Hruska. "Lakini kesi imekwisha, bibie."

"Ile ya Cleophus imekwisha. Nami nakuuliza swali dogo tu, maana sheria unaijua. Ndoa hii ya bila mchungaji, mtu anatokaje?"

"Kwa hakimu, kama ndoa zote. Hakuna talaka ya mdomoni."

"Na asipokwenda kwa hakimu?"

"Bado ameoa."

"Asante." Verlene alivua glavu moja, kidole baada ya kidole. "Kabla ya Kuwait, kaka yangu Ulysses aliishi Killeen, karibu na kambi, na msichana mwimbaji. Odessa alikuwa hajulikani hata kama yupo duniani. Nilikwenda kuwatembelea Pasaka. Nikakaa nao kanisani. Ulysses akasimama na sare zake, wageni walipotambulishwa, akamshika yule msichana mkono, akasema, huyu ni mke wangu. Kanisa zima likasema amina."

Kicheko cha Odessa kilikatika.

"Uongo."

"Akarudi kutoka vitani anakohoa, anaota, anapiga kuta. Siku moja akafunga begi akamwacha. Hawakwenda kwa hakimu. Wangekwendaje, wakati hata ndoa hawakujua wanayo? Kisha akakutana na wewe, mkavalishana pete na keki ikakatwa, mimi mwenyewe nilikula. Lakini aliyekuoa, wifi, alikuwa mume wa mtu." Akavua glavu ya pili. "Umemsikia mwenyekiti. Mwenye mke hawezi kuoa mke mwingine. Ndoa yako si kitu. Wewe si mjane wa askari. Wewe ni hawara aliyezeekea kwenye nyumba ya kaka yangu."

"Ulikuwa unajua," alisema Odessa polepole. "Miaka yote hii. Siku ya mazishi ulinishika mkono."

"Kaka yangu alikupenda, nikanyamaza kwa ajili yake. Sasa hayupo."

"Huyo mwanamke yuko wapi? Mlete! Mlete hapa aapishwe, nimwone!"

"Nimlete mara ngapi?" alisema Verlene. "Ameshaapishwa."

Kiyoyozi kilinguruma. Wanawake walioapa leo, ukiwaacha Odessa na Verlene, walikuwa wawili tu. Odessa alimtazama Ernestine.

Ernestine aliinua mikono yote miwili. "Mimi? Mume mmoja ameshanimaliza, dada."

Odessa aligeuka upande wa pili. Mkono uliokuwa umemshika gauni haukuwepo tena. Jonetta alikuwa ameuweka mapajani, anautazama kama wa mtu mwingine.

"Nilimtambua siku ya kwanza alipohamia mji huu akaingia kanisani kwetu," alisema Verlene. "Sikumwambia mtu. Nilikuwa namtunza kwa siku kama hii."

"Jonetta," alisema Odessa. "Sema kitu. Sema huyu ni kichaa."

Jonetta aliendelea kuutazama mkono wake.

Ndipo Odessa akakumbuka walikojuana. Makaburi ya jimbo ya maveterani, Killeen, siku jiwe la Ulysses lilipowekwa. Mwanamke mgeni amesimama na maua meupe. Umemfuata nani, dada? Kaka yangu, alijibu. Odessa hakumuuliza huyo kaka alikuwa nani. Alimpa kitambaa cha kufutia machozi, akamkaribisha nyumbani kula.

Hruska alisafisha koo. Alionekana kama mtu ambaye angekuwa radhi sasa hivi awe na ng'ombe wake. "Bi Jonetta, bado uko chini ya kiapo. Ulysses Pruitt alikutangaza kuwa mkewe?"

"Ndiyo."

"Mliishi pamoja kwa makubaliano hayo?"

"Ndiyo, baba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

"Mliachana mahakamani?"

Neno moja lingetosha. Odessa alipiga magoti pale pale, kwenye zulia la kaunti, akamshika miguu. "Sema ndiyo. Jonetta, nakuomba. Sema mliachana, nani atajua? Wa kukukanusha yuko kaburini. Nimekulisha, shoga. Ulipougua nilikuogesha. Umekuja leo kuniokoa, niokoe basi mpaka mwisho."

Jonetta alimshika kidevu, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso.

"Unajua nilivyokuwa nakaa jikoni kwako?" alisema. "Unanihadithia alivyopenda pilipili kwenye mayai. Unanihadithia kovu la begani alilipataje, wakati mimi ndiye niliyelifunga. Unanihadithia mume wangu, Odessa, natikisa kichwa, nakwambia pole. Na ukimaliza unaniambia, wewe Jonetta huwezi kuelewa, hujawahi kuolewa."

"Sikujua!"

"Najua hukujua. Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua kufa nalo. Leo asubuhi nilikuwa bado nimeamua. Mpaka ulipopaza sauti mwenyewe ukasema hakuna cha zaidi kinachotakiwa. Miaka thelathini nimejiita mjinga aliyeachwa. Kumbe nilikuwa mke."

Akainuka. Odessa akabaki chini.

"Hatukuachana, mwenyekiti," alisema Jonetta, sauti imenyooka. "Na sijaolewa tena."

Kwa mara ya kwanza siku ile, Verlene alipauka. Alikuwa amemleta mwanamke wa kuaibika na kukimbia, apate kumwangusha Odessa, nyumba iende mnadani. Hakuwa amemleta mwanamke wa kuidai nyumba hiyo. "Wewe," alisema, "wewe unataka nini?"

Jonetta alimpa mgongo. Alimwinamia rafiki yake, akamwokotea mkoba uliokuwa umeanguka, akamfuta vumbi magotini. Kisha akanyoosha kiganja.

"Shoga," alisema kwa upole, "naomba funguo."